Imebaki Wewe, Mama

Mpumudde, Jinja
2 Februari 2025

Shangazi yangu Rashidah,

Assalaam alaykum. Natumaini goti limetulia na kwamba soko linakupa nafasi ya kukaa kidogo. Mimi ni mzima, ila usingizi wangu ni mwepesi. Nimempa Nasuru, yule dereva wa teksi ya Mbale, mfuko wa mukene, dagaa wa huku ziwani. Nilikwenda kuwanunua mwenyewe Masese, kwa mama anayewaanika juu ya nyavu, si mchangani, kwa hiyo safari hii hutatafuna mawe.

Baba ameniambia kwamba umepata nafasi ya hija mwaka huu. Nilipokata simu nililia, na sijui nililia nini. Andika uniambie unaondoka lini. Najua simu huipendi, unasema neno la simu husikiwa na soko zima.

Uliuliza kazi yangu mpya ni kazi gani. Ni darasa la marudio, baada ya saa za shule, kwa vijana wanaotaka kufanya mitihani ya kuingia vyuo vya Marekani. Nawafundisha fasihi ya huko, mbinu za balagha na msamiati. Mkuu wetu ni Bwana Romano, mwanajeshi mstaafu kutoka kaskazini, ambaye zamani alifundisha askari kusoma. Wanafunzi wanamwita Afande, naye anapenda. Kwake msamiati ni gwaride: anatamka neno la Kiingereza, darasa zima linarudisha maana kwa sauti moja, na anayechelewa anasimama.

Sasa nikueleze jambo lililonichanganya. Tulikuwa tunarudia hadithi fupi ya Kimarekani iliyomo kwenye kijitabu chetu. Ni ya bibi mmoja wa nyanda za ngano. Kaka yake, Elmer, alikufa zamani. Mtoto wa mpwa wake amepewa jina hilohilo. Theluji inakaribia. Bibi anafungua mlango na kusema, "Ingia, Elmer. Umekaa nje vya kutosha." Hadithi inaishia hapo. Swali: bibi ametumia mbinu gani? Jibu la kijitabu ni ritifaa, yaani kumsemesha mtu asiyekuwapo, au aliyekufa, kana kwamba yupo na anasikia.

Darasa zima lilikosa, Shangazi, na kosa lilikuwa moja. Wote waliandika kwamba hapo hakuna mbinu: bibi anamwita kaka yake, na kaka yake yuko nje anacheza.

Nikawauliza, "Kaka yake si alikufa?"

"Alikufa, Madam," akasema Naigaga, msichana wa Kisoga anayekaa mbele. "Halafu wakampa mtoto jina."

"Kwa hiyo anamwita nani, mtoto au marehemu?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa achague kati ya maji na kinywaji.

Tonny, ambaye baba yake ni askari magereza, akadakia kutoka nyuma: "Madam, na wewe kwenu wanakuitaje?"

Darasa likacheka. Ningewaambia nini? Kwamba Bibi Khainza alikufa mwaka mmoja kabla sijazaliwa, kwamba Baba alinipa jina la mama yenu, na kwamba hadi leo wewe, uliyenifunga kanga ya kwanza, unaniita Mama? Niliwapa wote sifuri, kama kijitabu kinavyotaka. Tangu hapo sina raha.

Mwanao,
Twaibah Khainza


Nakaloke
19 Februari 2025

Kwa Mama Khainza, Jinja.

Wa alaykum salaam. Mukene nimepokea. Nasuru aliwaweka karibu na dumu la dizeli lakini nimewaosha na ndimu, wamekubali. Jua ni kali. Vitunguu vya mwaka huu ni vidogo kama vifungo vya shati. Baba yako Sulait ameng'oa jino, anaongea kama mtu anayepuliza moto. Usimwambie nimesema.

Tunaondoka katikati ya mwezi wa tano, Mungu akipenda. Sheikh Abdu ametukusanya sote tunaokwenda. Amesema mtu asipande ndege na neno la mtu moyoni. Mwenye neno na mwenzake amalizane naye kwanza. Basi nimezunguka. Nimemaliza na Daphine wa nyanya, ambaye tuligombania kivuli mpaka tukachoka. Nimemaliza na yule aliyekuwa mume wangu Bungoma. Nilimtumia ujumbe, akajibu vizuri. Yeye pia amezeeka.

Imebaki wewe, Mama. Hili sitaki kwenda nalo. Nakuomba ulitazame kabla sijaondoka.

Hadithi yako ya bibi sikuona ugumu wake. Baridi inakuja, amemwita mtu wake aingie. Watoto wamekosa nini?

Namtuma Nasuru na malewa, machipukizi ya mianzi ya mlimani. Yaloweke kwanza, usiyapike kwa haraka yako ile.

Wako,
Rashidah


Mpumudde, Jinja
27 Februari 2025

Shangazi yangu,

Assalaam alaykum, na heri ya mwezi unaoandama. Malewa nimeyaloweka. Jirani yangu Gorreti alisikia harufu, akaja na sahani yake bila kuitwa.

Nimeisoma barua yako mpaka karatasi imelegea kwenye mikunjo. Nina neno gani nawe? Nimejihoji kama mtuhumiwa. Je, ni kwa sababu sikuja Idd iliyopita? Nilikuwa nasahihisha mitihani, lakini ningeweza kuja. Je, ni yule kijana uliyemleta nimwone, nikakaa chumbani nikisoma mpaka akaondoka? Je, ni siku ile niliposema mbele ya wageni kwamba chai yako ina moshi?

Hakuna mtu aliyenilea kama wewe. Baada ya mama yangu kurudi kwao, wewe ndiye uliyekuwa ukija kila asubuhi kwa mlango wa jikoni, ukinisuka nywele, ukiondoka kwa mlango uleule kwenda sokoni. Kama kuna jambo nilikutendea nikalisahau, nisamehe hata hilo nisilolikumbuka. Lakini niambie ni lipi. Siwezi kubeba kitu nisichokiona.

Mwanao,
Twaibah


Nakaloke
20 Machi 2025

Kwa Mama Khainza.

Wa alaykum salaam. Ramadhani inakwenda vizuri. Barua yako imechelewa, gari la Nasuru lilikufa Iganga, na barua ikalala humo ndani pamoja na kuku wa watu. Kuku walikufa, barua imefika.

Nimecheka peke yangu mbele ya vitunguu, na mimi nimefunga. Chai yangu ina moshi kweli.

Lakini wewe umesoma sana, husikii. Mimi sikumwandikia Twaibah. Twaibah hana neno na mimi. Nimemwandikia Mama.

Ulipozaliwa ulilia tu. Wakakutajia jina la bibi mmoja wa ukoo, ukalia. Wakakutajia la bibi mwingine, ukalia. Sulait akasema, "Khainza." Ukanyamaza, ukashika ziwa. Nilikuwapo, nimesimama mlango wa jikoni. Nikasema moyoni, haya, amerudi. Tangu hapo nimekuita Mama na sijakuomba kitu. Nimekusuka, nimekuosha, nimekungoja ukue.

Sasa umekua. Sema lile neno lako, niondoke. Wewe unalijua.

Rashidah


Mpumudde, Jinja
12 Aprili 2025

Shangazi yangu,

Assalaam alaykum. Idd niliipitisha hapa. Nilivaa gauni lile la kijani, nikaenda kuswali, nikarudi, nikakaa kitandani na viatu. Mvua imeanza kwelikweli, na bodaboda wa Mpumudde wanateleza wakicheka kana kwamba wameukodi huo utelezi.

Sikujibu mapema kwa sababu sikujua ninayejibu ni nani. Usinichukie kwa sentensi hiyo.

Nilimpigia Baba. Nikamuuliza, "Shangazi na Bibi walikosania nini?"

Akasema, "Jinja kuna mvua?"

"Ipo. Baba, walikosania nini?"

"Hayo ni ya wanawake. Mimi najua tu kwamba Mama alipokufa, dada yangu hakuingia ndani. Alisimama barabarani mpaka jeneza likatoka. Watu walisema sana. Hajajieleza mpaka leo."

Kisha akasema jino linamuuma, na ninajua jino hilo hana.

Nilikwenda kwa sheikh wa hapa. Akaniambia aliyekufa huombewa dua na kutolewa sadaka, hasemi kwa kinywa cha mtu mwingine. Nilikubali, ndivyo nilivyofundishwa. Lakini nilipokuwa navaa viatu nikamsikia anamwambia mwanawe mdogo, "Baba, toka juani." Nikabaki nimeshika kiatu kimoja.

Darasani nako si salama. Wale vijana wamedai sifuri zao zitazamwe upya. Afande Romano akaja mwenyewe.

"Mwalimu," akasema, "kitabu ya majibu iko. Hii mtihani ni ya Wamarekani, si ya mama yako."

Tonny akanyoosha mkono. "Afande, samahani. Hilo jina Romano ulipewa la nani?"

"La babu yangu."

"Na bibi yako alikuwa anakuitaje?"

Afande akakifunga kitabu cha majibu. Kisha akasema, "Wewe, simama," na Tonny akasimama mpaka mwisho wa somo, akitabasamu.

Shangazi, mimi ndiye ninayewaambia kila siku kwamba anayesema ndani ya hadithi si yule aliyeiandika, kwamba sauti ni kitu cha kutengenezwa. Basi nimejaribu kuitengeneza. Sijawahi kuisikia sauti ya Bibi, sijui hata kama ilikuwa nene au nyembamba. Lakini kwa kuwa ulisimama barabarani, na kwa kuwa safari imekaribia, nimeandika karatasi hii ndogo niliyoikunja ndani. Ikiwa ni dhambi, ni yangu. Ikiwa ni mbinu tu, isamehe.

Twaibah

*(Karatasi iliyokunjwa ndani)*

Rashidah mwanangu, nimekusamehe. Nimekusamehe kwa kusimama barabarani, nimekusamehe kwa kutokuja kuniosha na kunilaza, nimekusamehe kwa miaka ya ukimya wako. Nimekusamehe kama kijito kinavyousamehe mwamba uliokizuia, kikapita pembeni kikiimba. Ni mama gani aliye kaburini na bado akamfungia moyo mtoto wake? Nenda, mwanangu. Nenda ukiwa mwepesi. Nenda ukiwa mweupe.


Nakaloke
24 Aprili 2025

Kwa Mama Khainza.

Salaam. Ile karatasi ndogo nairudisha. Iko humu.

Kiswahili chake ni kizuri. Kijito kinaimba. Mama hakuimba. Mama alikuwa mtu wa maneno machache, na alikuwa anayasema huku anafanya kazi nyingine.

Nani alikwambia nimekosa?

Sikutaka kuandika haya. Nilidhani unayo humo ndani, kwamba siku moja yangekujia yenyewe. Naona hayakuja. Basi soma, usimsomee mtu.

Nilitoka Bungoma usiku, nikavuka Malaba na lori la mahindi, nikafika Nakaloke kabla ya adhana ya alfajiri. Mdomo ulikuwa umevimba, mkono huu siwezi kuuinua. Nikaenda mlango wa mbele wa kwetu, nikagonga.

Mama akauliza, "Nani?"

Nikasema, "Ni mimi, Rashidah."

Nikasikia anavuta kigoda, anakaa karibu na mlango. Nilimsikia anavyopumua. Akasema, wala si kwa ukali, "Rashidah mwanangu yuko Bungoma kwa mumewe. Wewe sikujui."

Nikasema, "Mama, ni mimi. Fungua."

Akasema, "Rashidah, mwanangu, huko uliko, vumilia. Mheshimu mumeo. Usituletee aibu."

Umeelewa? Alikuwa anasema na Rashidah wa Bungoma. Mimi niliyekuwa mlangoni hakunijibu tena. Nilikaa kizingitini mpaka watu wakaanza kwenda sokoni, nikainuka, nikaenda kwa mama yake Daphine, akaniosha.

Mwaka uliofuata akafa. Wakaniita nikamwoshe na kumlaza. Nikasimama barabarani. Ningeingiaje? Rashidah si alikuwa Bungoma? Na tangu hapo ile nyumba naiingia kwa jikoni. Wewe ulidhani ni haraka ya soko.

Sheikh amesema tuombe msamaha, na tusamehe. La kwanza nimelimaliza. La pili ndilo limenishinda, kwa sababu sijui namna ya kumsamehe mtu ambaye hajaniomba. Nimejaribu kwenye sala. Nasujudu, nasikia kile kigoda kinavutwa.

Sikukuomba unisamehe, Mama. Nimekungoja uniombe.

Kama huwezi, niambie huwezi. Nitakwenda hivyohivyo.

Rashidah


Mpumudde, Jinja
3 Mei 2025

Shangazi,

Assalaam alaykum. Sina habari za nyumbani leo. Mvua, kazi, na mimi.

Barua yako niliisoma nimesimama mlangoni mwa chumba changu, na nilipomaliza sikuweza kuingia wala kutoka. Nimekuwa nikiingia na kutoka kwenye ule mlango wa mbele maisha yangu yote, nikiimba, nikiubamiza, nikikemewa na Baba. Nimekaa kwenye kile kizingiti nikila mahindi.

Nimeanza kuandika mara nyingi. Kila sentensi ilikuja na pambo lake kama mgeni wa harusi, nikaifuta. Bado sijui kama nina haki. Sijui ni nani anayeshika kalamu hii. Ningependa kukuambia kwamba nimeelewa, lakini ningekuwa nadanganya. Ninajua tu kwamba mtu amegonga, na ndani nipo mimi peke yangu.

Nimemwomba Nasuru aiweke kifuani, si kwenye mizigo.

Twaibah

*(Karatasi iliyokunjwa ndani)*

Rashidah,

Nilikusikia. Nilijua ni wewe. Niliogopa watu, nikakuacha nje.

Nisamehe.

Khainza


Nakaloke
11 Mei 2025

Kwa mwanangu Twaibah, Jinja.

Wa alaykum salaam wa rahmatullah. Hapa sote ni wazima. Vitunguu vimenona kwa mvua hii. Kibanda nimemwachia Daphine, naye ameshaanza kukaa upande wangu wa kivuli kabla sijaondoka. Baba yako amefunga shanta yangu kwa kamba kama mbuzi. Tunaondoka Alhamisi.

Nasuru aliifikisha. Alinikabidhi kwa mikono miwili, hata sijui ulimwambia nini. Sikuifungua sokoni. Nilikwenda nayo kwetu, nikasimama mlango wa mbele, nikaisoma. Kisha nikagonga.

Sulait akauliza, "Nani?"

Nikasema, "Rashidah."

Akasema, "Sasa wewe unagonga nini? Jikoni si kuna njia?"

Nikamwambia asubiri, asifungue bado. Nilitaka kwanza kumjibu Mama. Nilichomjibu ni changu na chake, usiniulize, hata nikirudi. Nilikaa pale kizingitini kwa muda. Sulait alikuwa ndani, nadhani kwa mara ya kwanza alielewa kitu, maana hakuita tena. Kisha nikamwambia, "Haya, fungua."

Nikaingia kwa mbele. Mlango ni mzito kuliko nilivyoukumbuka, na bawaba zinalia. Nimemwambia azitie mafuta.

Tulikunywa chai. Alisema ina moshi.

Utaona nimekuita Twaibah. Usishtuke. Nikirudi, Mungu akipenda, nitakuita tena kama siku zote. Kwa sasa mwache Mama apumzike, na wewe pia ulale.

Sheikh Abdu akiniuliza, nitamwambia nimemaliza.

Na wale watoto, wape alama zao.

Shangazi yako,
Rashidah